Warsame Hakutajwa

Jumatatu, 4 Mei

Mawingu tangu asubuhi. Dahabo na wanawake wa jikoni wameanua nyama mara mbili, wakaianika tena. Nyama ya ngamia ikinyeshewa haifai tena kwa nyirinyiri, vile vipande vikavu vya kukaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Inafaa supu tu, na supu haisafiri.

Oda za Idd zimeanza. Nimejibu ujumbe mpaka kidole gumba kikauma. Islii, Mombasa, Wajir. Mwanamke mmoja aliye ng'ambo anataka mikebe ipelekwe kwa mamake, huko Buna. Kila mtu anauliza kama tumetia iliki. Tumetia. Imeandikwa. Hawasomi.

Habaryar Sahra, dada ya mama na mwenye biashara, amepita ofisini. Ofisi ni chumba cha mbele: meza yangu, kompyuta, friji ya soda. Amesema wateja wanausifu ule ukurasa wa "Sisi ni nani" kwenye tovuti. Humo niliandika ukoo wake, jina baada ya jina, hadi kwa Roble. Lilikuwa wazo langu. Watu wetu hawanunui nyama kwa picha. Wanataka kwanza kujua ni nyama ya binti wa nani. Nilifurahi kupita kiasi, kisha nikaogopa. Ndivyo nilivyo. Nikisifiwa nahisi kuna kitu nimesahau.

Kitu nilichosahau nakijua. Nenosiri ni lilelile moja kwa barua pepe, tovuti na ukurasa wa mauzo. Tena ni jepesi, jina la bidhaa na mwaka. Nitabadilisha baada ya Idd. Nilisema hivyohivyo kabla ya Ramadhani.

Jumatano, 6 Mei

Jua leo. Nyama imekauka vizuri.

Abti mmoja, mjomba wa upande wa mama, amepiga simu ya ofisi. Sijawahi kumwona. Ndugu za mama ni wengi na sisi tulikulia upande wa baba. Amesema ni Abdirashid wa Liboi. Sauti ya upole. Akauliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Akacheka. Basi mamako na Sahra ni dada zangu, akasema, binti za adeer yangu, ndugu ya baba, na akaanza kuhesabu: Abdirashid, Nuur, Abdi, Guled, Elmi, Roble. Hakusita popote. Naona haya kuandika kwamba nilisimama. Peke yangu ofisini, simu sikioni, nimesimama kwa heshima.

Kumbe ana rafiki kwenye kampuni inayotunza tovuti yetu. Muda wetu umekwisha na tungefungiwa kabla ya Idd, lakini yeye ameshatuombea. Kilichobaki ni namba itakayoingia kwenye simu ya ofisi, nimsomee. Ikaingia. Tarakimu sita. Chini yake wameandika: usimpe mtu yeyote namba hii. Nikafikiri kidogo. Abti si mtu yeyote. Kumwambia abti athibitishe kwamba ni abti, baada ya kuhesabu hadi Roble, ni matusi. Nikamsomea. Akaniombea dua ndefu.

Nafurahi jambo limeisha kabla Habaryar hajalijua. Ana mambo mengi. Sitamsumbua nalo.

Alhamisi, 7 Mei

Barua pepe inakataa kufunguka. Nimeandika nenosiri polepole, herufi kwa herufi. Inakataa. Nimezima kompyuta, nikaiwasha. Inakataa. Ukurasa wa mauzo pia. Tovuti pia.

Mteja wa Islii amepiga. Mbona mmebadilisha namba ya malipo? Nikasema hatujabadilisha. Akasema imebadilika, iko hapo kwenye ukurasa wenu, na isitoshe mtu anayejibu ujumbe leo ana adabu kuliko yule wa juzi. Yule wa juzi ni mimi.

Nikapiga namba ya abti. Imezimwa.

Habaryar ameuliza mbona natoka jasho. Nimesema mtandao mbovu. Sijawahi kumdanganya kabla ya leo.

Sijala.

Ijumaa, 8 Mei

Haikufichika. Mama mmoja wa Wajir, mwenye arusi wiki ya Idd, alimpigia Habaryar mwenyewe. Habaryar alikuwa jikoni, mikono ina mafuta, akaweka simu kwenye spika. Sauti ikajaa jikoni kote: "Sahra, tumelipa tangu jana na sasa hamjibu. Mmeamua kula arusi yetu?" Wanawake wote wakaacha kukaanga.

Habaryar alinigeukia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelia na yangeisha.

"Nani?" aliuliza.

Nikasema Abdirashid wa Liboi. Nikasema alipiga simu, akahesabu ukoo, akauliza habari za tovuti. Ile namba sikuitaja. Nilisema "akauliza habari", kana kwamba alichungulia tu begani kwangu.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Abdirashid? Mtoto wa adeer Nuur?"

"Ndiye."

"Uliijua sauti yake?"

"Alihesabu hadi Roble."

Hilo lilimtosha. Lingemtosha mtu yeyote wa hapa.

Nitaandika ukweli hapa kwa sababu sina pengine pa kuuandika. Nilipata nafuu. Kuibiwa na ndugu ni msiba. Kuibiwa na mtu baki aliyenyanyua simu tu ni upumbavu. Nilichagua msiba, nikamtwika mtu mwingine.

Jumamosi, 9 Mei

Namba ya Abdirashid ambayo Habaryar anayo haipatikani. Si ile iliyonipigia. Nimeliona hilo. Habaryar amesema mwizi huwa na laini mbili, nami nikaitikia kwa kichwa haraka sana.

Liboi mtandao hufa siku nzima, wakati mwingine siku kadhaa. Kila mtu anajua. Leo kila mtu amesahau. Wanasema amezima simu makusudi. Wanasema tangu utotoni alikuwa na macho ya ujanja. Mwezi uliopita ni haohao waliosema kwamba kati ya watoto wote wa adeer Nuur yeye ndiye mwenye adabu.

Wazee wa ukoo watakaa Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa Habaryar. Wamempelekea ujumbe adeer Nuur mwenyewe, aje amjibie mwanawe. Ni mzee sana. Atapanda lori hadi hapa Garissa, na kila kizuizi cha polisi atashushwa aonyeshe kitambulisho.

Kioko wa vifurushi vya basi alikuja kuchukua mikebe ya Nairobi. Hakujua lolote. Dahabo akamkemea kwa Kiswahili chake: "Kioko, beba bolebole! Hii si matofali!" Kioko akamjibu, "Mama, naibeba kama bibi arusi." Dahabo akasema, "Bibi arusi gani ananuka mafuta? Hiyo ni ya kwenu." Jikoni wakacheka, mara ya kwanza tangu jana. Nami nikacheka. Kisha nikajisikia nikicheka.

Jumatatu, 11 Mei

Kituo cha polisi na Habaryar. Afisa alikuwa kijana wa bara, wa rika langu labda, mwenye mwandiko mzuri. Aliandika yote. Kisha akauliza kama kuna namba iliyoingia kwenye simu na kama nilimpa.

Nikasema sikumbuki.

Akanitazama. "Kwa hivyo anko alipiga salamu, nyinyi mkampa duka?"

Habaryar hakucheka. Aligeuza uso akatazama ukutani, na nikaona shingo yake. Amewatia shuleni watoto wengi wa dada zake, mimi nikiwa mmoja wao. Karo yangu ya chuo ilitoka kwenye nyama hii.

Mchana kampuni ya tovuti ilijibu, kupitia barua pepe yangu mwenyewe. Wanaweza kuturudishia. Wanataka cheti cha usajili wa biashara, kitambulisho cha mwenye biashara, na maelezo kamili ya jinsi akaunti ilivyopotea. Maelezo kamili. Vile viwili nimeshavipiga picha. Hayo ya tatu bado.

Wamesema pia kwamba aliyeingia alijibu swali la siri bila kukosea. Swali nililichagua mimi: babu yako anaitwa nani? Jibu ni Abdi. Ni jina la tatu la Habaryar. Liko kwenye kitambulisho chake, kwenye leseni iliyotundikwa ukutani, kwenye kila mkebe tunaouza. Kwetu kila mtu anatembea na jina la babu yake, analitaja kila anaposalimiwa. Nami nililifanya siri. Nina shahada ya biashara.

Jumanne, 12 Mei

Nimefungua tovuti kwa simu yangu, kama mteja. Bado ipo. Amebadilisha namba ya malipo tu. Kila kitu kingine ni kazi ya mikono yangu.

Nilisoma ukoo. Sahra, Hassan, Abdi, Guled, Elmi, Roble. Kisha nikaenda kwenye ukurasa wa mauzo, chini ya picha ya Dahabo na sufuria. Maoni ya watu. Mojawapo ni la Abdirashid Nuur Abdi: "Mashallah binti ya adeer. Salamu kutoka Liboi." Lipo wazi, dunia nzima inaweza kulisoma.

Jina lake hapa, ukoo kule. Mtu yeyote mwenye macho angeunganisha.

Lakini nikajiambia hiyo si hoja. Abdirashid wa kweli naye angehesabu hivyohivyo. Nikashikilia hilo. Nililishikilia kwa nguvu mpaka nikajichukia.

Nikampigia mama, aliye Rhamu. Nikamwomba anihesabie upande wao, polepole. Wakati wa kutengeneza tovuti alinitajia kwa simu akiwa shambani kando ya mto Daua, upepo unavuma, nikaandika nilichosikia na sikumwomba arudie. Ya baba nilikaririshwa nikiwa mdogo. Ya mama hakuna aliyenikaririsha.

Akacheka. "Leo umekumbuka una mama?"

Kisha akahesabu. Hassan, Abdi, Guled, Warsame, Elmi, Roble.

Nikasema rudia. Akarudia. Warsame yupo. Baba yake Guled. Nilimwacha nje. Jina zima la mtu nililiruka, ukoo ukakaa hivyo mtandaoni tangu Januari, na yule aliyenipigia simu aliruka palepale.

Hakuna mtoto wa Nuur angemruka Warsame. Mtu aliyepiga alikuwa akisoma nilichoandika.

Jumatano, 13 Mei

Sikusema.

Alhamisi, 14 Mei

Sikusema asubuhi. Nilijiambia Habaryar ana wageni. Kweli alikuwa na wageni.

Mchana lori la Liboi liliingia. Adeer Nuur alishushwa kama mzigo, mkongojo kwanza, kisha yeye. Vumbi hadi kwenye kope. Alitoa salamu mlangoni, wakamjibu, lakini wakamjibu kwa ufupi. Hakuna aliyemuuliza habari za safari. Mzee wa umri ule, ametoka mpakani, na hakuna aliyemuuliza habari za safari.

Dahabo akamletea chai. Nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi. Chai ilikuwa nyeusi. Jikoni kulikuwa na maziwa ya ngamia ya asubuhi, nililiona dumu kwa macho yangu. Walimpa chai nyeusi, kama wanavyompa mtu wa kodi.

Aliitazama. Akanywa.

Mwanawe bado hapatikani kwa simu. Kesho watamhukumu asiyekuwepo, na baba yake atakaa pale akisikiliza.

Nimekuwa mwoga maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba woga unaweza kumuumiza mtu mwingine. Niliona ni ugonjwa wangu binafsi, kama kipandauso.

Ijumaa, 15 Mei

Nimesema.

Nilimkuta Habaryar jikoni kabla ya swala, akichuja mafuta. Nilitaka awe peke yake. Dahabo alikuwepo, na wengine wawili. Nikajua nikisubiri wapungue sitasema tena.

Nilianza na namba. Kwamba iliingia. Kwamba ujumbe ulikataza. Kwamba nilisoma katazo lote, kisha nikamsomea namba. Kwamba polisi nilimdanganya, na yeye pia. Aliendelea kuchuja. Kisha nikasema aliyepiga hakuwa Abdirashid.

"Umejuaje?"

Nikamhesabia alivyohesabu. Abdirashid, Nuur, Abdi, Guled, Elmi, Roble.

"Na Warsame umempeleka wapi?"

"Hakumtaja."

"Mtoto wa Nuur asimtaje Warsame? Hata akiamshwa usingizini atamtaja. Kwa nini hakumtaja?"

"Kwa sababu mimi sikumwandika, Habaryar. Alikuwa akisoma ukurasa wangu."

Dahabo aliweka mwiko chini. Mafuta yalikuwa yakitoa povu na hakuna aliyeyaangalia.

"Babu wa babu yangu amekosekana tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Na mimi watu wananisifu." Akafuta mikono. "Umejua tangu lini?"

"Jumanne."

Hapo ndipo aliponitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mengine. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

Alinishika mkono, si kwa upole, akanipeleka sebuleni. Wazee walikuwa wameanza kukusanyika, wengine bado wanavua viatu. "Sema," akaniambia. Nikasema. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto. Adeer Nuur akaweka kiganja nyuma ya sikio. Hasikii vizuri. "Rudia, kwa sauti." Nikarudia kwa sauti. Kwa hiyo nilikiri mara mbili, ya pili nikipiga makelele.

Mzee akaanza kucheka, kicheko kibaya cha kikohozi. "Mwizi mvivu. Angeuliza hata mtoto anayechunga mbuzi."

Hakuna aliyecheka naye. Akawageukia. "Na nyinyi? Mmemla mwanangu wiki nzima. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo mtu alihesabuje?"

Walitazama mkeka. Akainua kikombe, cha jana au cha leo sijui. "Hii chai imepoa. Tena ilikuwa nyeusi."

Dahabo alikimbia. Sijawahi kumwona akikimbia.

Mimi hakuna aliyeniambia niondoke wala nikae. Nikabaki nimesimama hadi adhana.

Jumamosi, 16 Mei

Mtandao wa Liboi umerudi. Abdirashid amempigia Habaryar. Alisikia yote kwa mara moja, wizi na hukumu na kusafishwa jina. Habaryar ananiambia alisema aliona tangu mwanzo kwamba Warsame hayupo kwenye ukurasa. Alipoandika salamu zile alikuwa ameshaona. Aliona aibu kumsahihisha binti ya adeer yake mbele ya watu, akasema atamwambia wakikutana.

Kwa hiyo yeye alinyamaza kwa adabu, mimi nikanyamaza kwa woga, na mwizi akapita katikati.

Mimi hajaniulizia.

Jumatatu, 18 Mei

Akaunti zimerudi.

Yale maelezo kamili niliyaandika Ijumaa jioni bila kujipamba. Mtu alinipigia akadai ni ndugu, nikamsomea namba ya siri. Mstari mmoja. Nilikuwa nimeukimbia kwa siku zote zile na ulinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Leo wamejibu, wakatufungulia.

Nimebadilisha kila kitu, nikianza na barua pepe, maana ndiyo iliyoshika zingine zote. Kila akaunti sasa ina nenosiri lake, refu, maneno yasiyohusiana, na siyaandiki hata humu. Nikamfukuza kila aliyekuwa ameingia kwenye akaunti kwa simu nisizozijua. Zilikuwepo mbili. Kuziona tu ilikuwa kama kukuta nyayo chumbani. Nimewasha hatua ya pili ya uthibitisho, na namba sasa inaingia kwenye simu ya Habaryar, si ya ofisi. Nikamweleza asimpe mtu. "Hata wewe?" Nikasema hata mimi, kama sipo mbele yake akiniona. Akaitikia haraka mno. Iliniuma, na ilikuwa haki.

Swali la siri lilinisumbua. Bado wanataka jina la babu. Nimeandika kitu ambacho si jina la mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Nilisita kabla ya kubofya, nikihisi namkana mtu.

Nilipendekeza tuufute ukurasa wa ukoo. Habaryar alikataa. "Nifiche wazee wangu kwa ajili ya mwizi?" Nikasema basi tuuache ulivyo, bila Warsame, uwe mtego, akirudi tumtambue. Alinitazama kama nimetukana. "Mtego wa kumzika babu yangu mara ya pili?"

Nimemrudisha. Sahra, Hassan, Abdi, Guled, Warsame, Elmi, Roble. Nimemsomea mama kwa simu, akanisikiliza hadi mwisho. Majina yana haki ya kukaa wazi. Kosa langu lilikuwa kumfungulia mtu mlango kwa sababu anayajua.

Wote waliotuma malipo kwa mwizi Habaryar atawapelekea nyama yao, arusi ya Wajir kwanza. Nilisema nikatwe mshahara. Alisema, "Fanya kazi." Sijui kama hilo ni jibu. Nimerudi pia kwa yule afisa nikabadilisha maelezo yangu. Aliandika bila utani safari hii, na ningependelea utani.

Jikoni wananiita Abti. Dahabo amenipigia kutoka upande wa pili wa ukuta, amebana pua: "Ifrah, mimi ni abti yako, nisomee namba." Wakacheka mpaka mmoja akaunguza vitunguu. Nimevumilia. Anayetaniwa bado ni wa nyumbani.

Jumatano, 20 Mei

Simu ya ofisi ililia nikifunga oda ya Modogashe. Namba haikuwa na jina.

Salamu. Habari za kazi, habari za mama, mvua ya Rhamu imekuwaje. Sauti nzito kidogo, si kama ile. Kisha: "Mimi ni Abdirashid, wa Liboi."

Nilibaki nimekaa.

"Abti, nisamehe," nikasema. "Nakata. Nitakupigia kwa namba aliyo nayo Habaryar."

Nilisikia mbuzi upande wake, na mtu akiwaswaga. Nikawaza, ndiyo basi, nimemtukana mara ya pili, safari hii kwa mdomo wangu.

"Sawa," akasema. "Nangoja."

Nikaenda kwa Habaryar, akanitajia namba kutoka kwenye simu yake. Ilikuwa ileile iliyonipigia. Nikaipiga hata hivyo.

Alipokea kabla haijalia vizuri. Hakuhesabu chochote. Alitaka mkebe mmoja wa babake. Bila iliki, mzee anasema iliki yetu imezidi. Nikaandika: Mzee Nuur, Liboi, bila iliki. Nikamsomea. Akasema ndivyo.

Jua limetoka. Nyama iko nje, haijaanuliwa hata mara moja leo.